Asilimia Themanini na Moja

Kazini walimwita Mama Swichi. Jina hilo hakulipenda, lakini hakulikataa pia, maana jina la kazini ni kama harufu ya jikoni: mwenyewe huwa wa mwisho kuisikia. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa kwenye chumba cha udhibiti wa umeme, orofa ya chini kabisa ya jengo la shirika. Chumba hakikuwa na dirisha. Mbele yake kulikuwa na ukuta mzima wa skrini, mezani simu nne, na pembeni kiti kingine cha mwenzake wa zamu. Kazi yenyewe ukiielezea haichukui pumzi mbili: umeme unaozalishwa lazima ulingane na umeme unaotumika, dakika kwa dakika, mchana na usiku. Ukipungua, ama upate mtambo mwingine haraka, ama uwazimie watu umeme. Ukichelewa, gridi yote ya nchi inaanguka, na kuiinua ni shughuli ya kutwa nzima.

Kwa hiyo yeye ndiye aliyezima. Nchi nzima watu waliojua kazi hiyo walikuwa watano tu, na yeye ndiye mkubwa wao.

Kila saa aliandika kwenye kumbukumbu ya zamu hali ya kila mtambo, na mwisho wa zamu alitia sahihi. Kituo cha makaa ya mawe kilikuwa na mitambo mitatu, na huko ndiko yalikoanzia yaliyompata. Miaka minane nyuma, mtambo namba mbili ulipopasuka mabomba kwa mara ya tatu mwezi huohuo, Meneja alishuka mwenyewe hadi chini, akasimama nyuma ya kiti chake.

"Mama, hapa umeandika nini?"

"Mbovu."

"Neno hilo linatisha wakubwa. Andika *umepumzishwa*."

"Haujapumzishwa, bosi. Umekufa."

"Si wanautengeneza? Kesho utaamka. Aliyelala hajafa." Akacheka, naye akacheka, kwa sababu lilikuwa neno moja tu na simu mbili zilikuwa zinaita kwa pamoja. Akaandika *umepumzishwa*. Kwenye hesabu za shirika, mtambo uliopumzika huhesabiwa kuwa mzima. Uongo ukishapewa kiti hauondoki. Kwa miaka minane, kila bomba lililopasuka na kila boila la mvuke lililotoboka lilipumzishwa kwa mwandiko wake.

Ndipo serikali ilipounda kamati. Watu saba na mwenyekiti asiyepiga kura, kazi moja: kushauri nchi itegemee nini kwa miaka thelathini ijayo. Ijenge kituo cha pili cha makaa kama kile cha kwanza, ijenge kinu cha nyuklia, au iweke nguvu zake kwenye jua, upepo na mabwawa. Barua ya uteuzi ilimfikia mezani. Walihitaji mtu wa chumba cha udhibiti, na kwa watano waliokuwepo, yeye ndiye aliyekuwa na mvi.

Walikutana wizarani, orofa ya sita, kwenye chumba chenye madirisha yasiyofunguka na meza ndefu kuliko mazungumzo. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, mwanamke mwenye sauti ya chini aliyezoea kusikilizwa. Mwanzoni Mama Swichi aliona raha. Kwa mara ya kwanza watu wenye suti walimuuliza jambo, wakanyamaza kusubiri jibu.

Mwanafizikia, aliyetetea nyuklia, alisema kinu kimoja cha megawati elfu moja kingemaliza shida yote.

"Kingemaliza, daktari," akasema Mama Swichi, "lakini nchi nzima jioni inakula elfu mbili. Hicho kimoja kikizimika ghafla, nusu ya umeme wa nchi inaondoka nacho, na mimi nina sekunde chache za kuwazimia nusu ya watu kwa mpangilio. Mzigo wote usimtwishe punda mmoja."

"Vipo vinu vidogo."

"Basi tuzungumze vidogo."

Mhandisi wa jua, kijana wa kike mwenye kompyuta iliyojaa michoro, alieleza bonde lote la kaskazini likiwekwa paneli. Mama Swichi akamuuliza saa moja jioni paneli zinatoa nini, maana saa hiyo ndiyo watu wanawasha taa, pasi na majiko kwa mpigo. Yule binti hakubabaika. "Sifuri, mama. Ndiyo maana nataka mabwawa yalale mchana, yaamke jioni." Mama Swichi alimpenda kwa jibu hilo. Hakumficha mtu sifuri yake.

Siku ya nne waligawiwa kitabu cha takwimu. Wajumbe watatu waliotaka makaa walikifungua moja kwa moja ukurasa wa kumi na tisa. *Kituo cha makaa ya mawe: upatikanaji wa mitambo, wastani wa miaka minane, asilimia themanini na moja.*

"Hiyo ndiyo hoja yetu," akasema mmoja wao. "Kitu tunacho, tunakijua, kinafanya kazi. Kuna haja gani ya kuhangaika na mapya?"

Chini ya jedwali, kwa herufi ndogo, kiliandikwa chanzo cha takwimu: kumbukumbu za zamu za chumba cha udhibiti. Na nyuma, kwenye kiambatisho, walikuwa wametoa nakala ya ukurasa mmoja wa kumbukumbu hizo kama mfano. Sahihi iliyokuwa chini yake ilikuwa yake.

Alihisi kama mtu aliyefungiwa chumbani na mlango akaufunga mwenyewe. Alijua namba ya kweli bila kupiga hesabu. Mitambo mitatu, na siku nyingi ulikuwa ukifanya kazi mmoja, tena kwa kukohoa. Haikufika arobaini.

Jioni hiyo alimfuata Meneja ofisini kwake.

"Bosi, ile themanini na moja inaenda kujengewa kituo kizima."

Meneja alifunga mlango. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemsimamia mafunzo yake, ndiye aliyempeleka hospitali kwa gari lake siku alipopata uchungu akiwa zamu. "Mimi nakwenda kustaafu mwakani," akasema. "Nikiulizwa, nitasema nilisoma kilicholetwa. Kilicholetwa kina sahihi ya nani?"

"Wewe ndiye uliyeniambia."

"Nilikuambia kwa mdomo, mama. Mdomo hauna nakala."

Jumapili alikwenda kumwona mdogo wake. Alikuwa mchomeleaji kwenye kituo kilekile cha makaa, na wenzake walimwita Cheche. Kazi hiyo alimtafutia yeye dada mtu, na hata zamu ya mchana alimwombea yeye, ili mama yao asilale peke yake. Cheche na mama yao waliishi kwenye nyumba ya kituo, moja kati ya mia mbili zilizojengwa safu kwa safu chini ya bomba la moshi. Mama alikuwa akianua nguo. Alizikung'uta moja moja kabla ya kuzikunja, na kila ikikung'utwa ilitoa vumbi jeusi.

Cheche alimsikiliza dada yake hadi mwisho, akiwa amekaa kizingitini.

"Namba tatu nimeiziba viraka mpaka haina pa kuzibwa," akasema. "Juu ya kiraka naweka kiraka. Hilo nalijua kuliko wewe."

"Basi niseme?"

"Ukisema, wanafunga. Wakifunga, sisi mia nne tunakwenda wapi? Mama anakwenda wapi? Dada, ukweli wako ni mzuri, lakini wewe hutalala njaa."

"Na wakijenga kingine kama hiki kwa sababu yangu?"

"Kitakuwa kipya. Mabomba mapya. Mimi nitapata kazi ya kuchomelea chuma kizima walau mara moja maishani." Alitabasamu kidogo. "Damu nzito kuliko maji, au siku hizi nzito ni umeme?"

Kura zilikuwa zimekwisha kujipanga. Watatu makaa, wawili nyuklia, mmoja jua na upepo. Wa saba alikuwa yeye. Akisema makaa, yanapita. Akisema lingine lolote, ataulizwa sababu, na sababu ilikuwa na sahihi yake. Kwa wiki mbili alikaa kwenye ile meza ndefu akisema mambo madogomadogo ya kweli, ili asiulizwe lile kubwa. Alipunguza kula. Lifti ya wizara alianza kuiogopa, akawa anapanda ngazi orofa sita, na kila akifika juu akipumua kwa shida alifurahi kwamba bado kuna ngazi za kumtoa humo.

Siku za kamati zilikuwa tatu kwa juma; siku nyingine aliendelea na zamu. Jumatano moja, saa saba na dakika kumi mchana, namba tatu ilizimika.

Alipiga simu kituoni. Msimamizi wa zamu akamwambia bomba limepasuka ndani ya boila. Wanahitaji kusubiri lipoe mpaka kesho asubuhi ndipo watu waingie. Mama Swichi akatazama ukuta. Namba mbili ilikuwa mbovu tangu wiki iliyopita, na kwenye kumbukumbu ilikuwa *imepumzishwa*. Maji ya mabwawa yalikuwa chini. Kufika saa moja jioni angepungukiwa na megawati mia tatu, na laini za kuzima bila kugusa hospitali na pampu za maji zilikuwa zimemwishia.

Simu ya pili ikaita. Alikuwa Meneja.

"Wakubwa wanauliza kwa nini tuzime mji wakati tuna mtambo mzima umepumzika."

"Bosi, unajua kwa nini."

"Mimi najua. Wao wanasoma ulichoandika. Namba tatu irudi kabla ya jioni."

Angeweza kukataa. Baadaye alijirudia hilo mara nyingi: angeweza. Lakini kukataa kulitaka aseme mbele ya wakubwa kwamba namba mbili haikupumzika hata siku moja, na hilo alikuwa amelibana kooni kwa wiki mbili. Aliinua simu ya kituoni. Msimamizi alisema, "Mama, ndani bado ni tanuri." Alimjibu, "Naihitaji saa kumi na mbili." Akakata. Alijua ni zamu ya nani.

Wachomeleaji wawili waliingia saa kumi na moja, na magunia yaliyolowa maji mabegani. Kazi ilikuwa karibu kwisha wakati pande la majivu yaliyoganda, moto ndani kama mkaa, lilipobanduka juu ukutani likaangukia sakafu iliyokuwa na maji. Mvuke ulilipuka. Mmoja wao alikuwa karibu na mlango. Cheche hakuwa karibu na mlango.

Msimamizi alimpigia saa kumi na mbili na robo. Alianza kwa kusema mtambo hautarudi leo, kisha akasema jina la Cheche.

"Yu hai?"

"Yu hai. Wanampeleka."

Kwenye chumba cha udhibiti kuna sheria moja isiyoandikwa popote: mtu haachi kiti mpaka mwingine akae. Mwenzake wa zamu alikuwa mgeni, mwenye miezi minne tu, hajawahi kushika jioni peke yake. Wa kumpokea alikuwa anafika saa mbili. Matumizi yalikuwa yanapanda kama maziwa kwenye sufuria. Mama Swichi alivuta kiti karibu na meza, akaanza kuzima. Mtaa wa viwanda vidogo. Mtaa wa chuo. Mitaa ya mashariki yote. Alitaja laini moja moja kwa sauti, kama inavyotakiwa, na yule mgeni aliandika bila kujua. Saa mbili kasoro dakika tano mpokezi aliingia, akamwona uso, akasema, "Mama, kuna nini?" Aliandika hali ya mitambo. Kwenye mstari wa namba tatu aliandika *mbovu*. Akapanda mstari mmoja juu, kwenye namba mbili, akaandika *mbovu*. Akatia sahihi, akatoka.

Cheche alikuwa ameungua mikono yote miwili, shingo na mgongo. Siku ya tatu ndipo alipoweza kuzungumza kwa urefu. Alilala kifudifudi, uso umegeukia upande, na dada yake akapiga magoti sakafuni ili waonane.

"Kesho kutwa mnapiga kura," akasema Cheche.

"Usiwaze hayo."

"Nitawaza nini tena humu? Dada, usiseme. Wenzangu walikuja jana. Wamenituma. Hata huyu tuliyeingia naye ndani amesema usiseme."

"Mdogo wangu, angalia ulivyo."

"Nimeshaungua. Ukisema nitakuwa nimeungua na sina kazi."

Hakumpa ahadi, na hakumkatalia. Mama yao, aliyekuwa amekaa upande wa pili wa kitanda na kitambaa chenye maji, hakumtazama yeyote kati yao. "Mimi nimezaa wawili," akasema polepole. "Naona mnataka nichague."

Siku ya kura, Mwenyekiti alianza upande wake wa kulia, na Mama Swichi alikuwa wa mwisho kushoto. Makaa. Makaa. Nyuklia. Jua na upepo. Nyuklia. Makaa. Zamu ilipomfikia alisimama, ingawa hakuna aliyesimama kabla yake.

"Kabla sijapiga, ukurasa wa kumi na tisa ni uongo. Si themanini na moja. Ni kama thelathini na nane. Uongo huo niliuandika mimi."

Akaeleza neno *umepumzishwa*, lilivyoanza na lilivyoendelea. Alimtaja Meneja. Alieleza Jumatano, na amri aliyoitoa, na majivu yaliyoanguka. Hakulia, na jambo hilo baadaye wengine walilisema vibaya.

Mwenyekiti aliandika kwa muda mrefu, kisha akavua miwani. "Mama, una sahihi zako takriban elfu mbili zinazosema mitambo ni mizima. Leo una mdomo wako unaosema ni mibovu. Tuamini kipi?"

Alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa polisi hata. Swali hilo hakuwa amejiandaa nalo. "Msiniamini mimi," akasema mwishowe. "Pelekeni watu wakaifungue."

Aliyemsaidia alikuwa Mwanafizikia, ambaye hakuwa na sababu ya kumpenda. Alisema hata kinu cha nyuklia hakiwezi kupangwa juu ya namba za kubuni. Kura ikaahirishwa. Wakaguzi wa nje waliingia kituoni kwa majuma sita, wakapima unene wa kila bomba, wakatoa ripoti: thelathini na sita. Mitambo miwili kati ya mitatu ilikuwa hatari kwa watu na ikafungwa papo hapo.

Na yaliyofuata yakawa kama Cheche alivyosema. Kituo cha pili cha makaa hakikujengwa. Serikali ilitangaza kwamba paneli za kwanza za bondeni zitawaka baada ya miezi kumi na minane, na nyuklia itafanyiwa utafiti kwa miaka mitano. Magazeti yakasifu. Lakini miezi kumi na minane haiwashi taa ya leo, na mitambo miwili hata ikiwa mibovu ilikuwa ikitoa chochote. Mgao ukatoka saa mbili kwa siku hadi sita. Wafanyakazi mia mbili na tisini walipewa barua, na kila barua ilikuwa na siku tisini za kuhama nyumba. Meneja alistaafu mapema kwa hafla yenye hotuba. Mama Swichi alipewa onyo kali la maandishi, na alipopeleka barua ya kuacha kazi ilirudishwa siku ileile. Watano wanaojua kazi, walimwambia, hatuwezi kuwafanya wanne. Angeweza kuondoka baada ya kumfundisha mtu, na kumfundisha mtu kulichukua miaka mitatu.

Mama na Cheche walihamia kwake. Mama alipewa chumba, Cheche akalala sebuleni kwenye godoro. Mikono yake ilipona kwa kukunjana. Ya kulia ilishika kikombe, ya kushoto haikushika kitu. Kwa miezi miwili alisema na dada yake maneno ya lazima tu: maji, mlango, chumvi. Majirani walipokuja kuuliza umeme unarudi lini, yeye ndiye aliyetoka kuwajibu, kwa upole, kama karani.

Siku moja baada ya chakula cha mchana, mama akiwa amejilaza, Cheche alikuwa amekaa dirishani na dada yake akifunga kamba za viatu kwenda zamu.

"Jumatano ile," akasema Cheche bila kugeuka. "Ulipotoa amri. Ulijua ni mimi nilikuwa zamu?"

Dada yake aliziachia kamba. Kulikuwa na majibu mengi yaliyokuwa tayari, yote mepesi, na mengine karibu ya kweli.

"Nilijua."

Cheche aliitikia kwa kichwa. "Najua ulijua. Wewe ndiye uliyenitafutia ile zamu."

"Sasa umeniuliza nini?"

"Nilitaka kusikia utasemaje."

Nje, gari la zamu lilipiga honi, likapiga tena. Alimaliza kufunga kamba, akasimama.

"Nenda," akasema Cheche. "Watu wanakusubiri uwazimie." Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akamnyooshea mkono wa kushoto, ule uliokunjana. "Kabla hujaenda, nifungie kifungo hiki cha mkono wa shati. Mama akijaribu anaumia macho."

Akamfungia. Kilikuwa kifungo kidogo na tundu lake lilikuwa limelegea, na ilimchukua muda. Honi ikapigwa mara ya tatu.